Usiku wa Theluji Nyuma ya Kioo: Tathmini ya Picha Niliyoinunua Hurumzi

Picha hii niliikuta imeegemezwa sakafuni, baina ya sanduku la mti wa mfenesi lililokwisha kung'oka njumu na saa ya ukutani isiyo na akrabu, ndani ya duka la vitu vya kale lililomo katika kichochoro kimoja cha Hurumzi, hapa Mji Mkongwe. Vumbi lilikuwa limeifunika kiasi kwamba kilichoonekana kutoka mlangoni ni duara dogo la rangi ya siagi upande wa juu na madoa mawili ya manjano upande wa chini. Nilipoipitisha leso likatokea anga la buluu iliyokolea, mapaa yaliyolemewa na theluji, na kijiji kizima kilicholala isipokuwa nyumba moja. Muuzaji, mtu mwenye adabu nyingi na maelezo machache, aliniambia, "Maalim, hiyo ni karatasi tu imetiwa ndani ya kioo, lakini fremu yake nzuri." Alikosea yote mawili, na sehemu kubwa ya tathmini hii itahusu makosa hayo, kwa sababu mtu anayenunua picha ya aina hii bila ya kuyajua anaweza kuiharibu kabla haijafika ukutani.

Kwanza, si karatasi. Ni rangi ya mafuta iliyopakwa moja kwa moja juu ya kioo kwa upande wa nyuma, nasi huitazama kwa kupitia upande wa mbele. Ukiiinamisha kidogo mbele ya dirisha utaona kwamba hakuna nafasi yoyote baina ya kioo na picha, na kwamba rangi zina mng'aro ule ule wa kioo chenyewe, mng'aro ambao karatasi iliyofunikwa haiwezi kuupata. Nilimwomba muuzaji ruhusa ya kuigeuza, nikang'oa visumari vinne vilivyoliwa na kutu, na nyuma ya ubao wa plaiwudi nikaona mabonge ya rangi yaliyokauka pamoja na kijiji kile kile kikiwa kimepinduliwa, kulia kwake kushoto. Juu ya plaiwudi palikuwa pameandikwa kwa penseli neno moja, Hlebine, na chini yake herufi mbili za mwanzo wa jina.

Neno hilo lilitosha kunifanya niache kubishana kuhusu fremu. Hlebine ni kijiji cha wakulima kilichoko kaskazini mwa Kroatia, karibu na mji wa Koprivnica, katika nchi tambarare inayopitiwa na mto Drava. Mwaka 1930 mchoraji msomi aitwaye Krsto Hegedušić alimkuta huko Ivan Generalić, kijana wa familia ya wakulima aliyezaliwa mwaka 1914, akaona michoro yake na kumhimiza aendelee. Mwaka uliofuata kazi za kijana huyo zikatundikwa Zagreb katika maonyesho ya kundi la wasanii lililojiita Zemlja, yaani Ardhi. Baadaye wakulima wengine wa eneo hilo walimfuata, miongoni mwao Mijo Kovačić na Ivan Večenaj, na pia Ivan Lacković, aliyewahi kuajiriwa posta, ambaye miti yake mitupu ya majira ya baridi inajulikana mbali. Kioo hawakukibuni wao, kwa kuwa nyumba za wakulima wa Ulaya ya Kati zilikuwa na picha za watakatifu zilizochorwa kwa njia hiyo hiyo tangu zamani. Walichofanya ni kukitoa kwenye watakatifu na kukipeleka kwenye mazizi, visima na mashamba yao. Watu hao walilima wakati wa joto na kuchora wakati ardhi ilipoganda, kwa hivyo haishangazi kwamba theluji imejaa kazini mwao kama bahari ilivyojaa katika nyimbo zetu. Picha niliyoinunua haikuchorwa na mmoja wa mabingwa hao, na bei niliyoilipa isingenipatia hata fremu ya mmoja wao, lakini ni ya skuli yao, yaani ya mtindo wao wa uchoraji, na aliyeichora aliijua kazi.

Jambo la kustaajabisha katika kazi hiyo ni mpangilio wake wa kupaka rangi, ulio kinyume na wa wachoraji wengine. Anna Mary Robertson Moses, mkulima wa jimbo la New York aliyezaliwa mwaka 1860, akaanza kuchora kwa bidii alipokaribia miaka 80 na kufariki mwaka 1961 akiwa na miaka 101, alikuwa akieleza kwamba huanza na anga, akashuka kwenye milima, vilima, miti, nyumba, ng'ombe, na watu wakaja mwisho. Alichora juu ya mbao za masonaiti, yaani nyuzi za mti zilizoshindiliwa, alizozipaka rangi nyeupe kwanza, mbao zilizo ndugu wa zile ambazo Edward Saidi Tingatinga alizipaka rangi za mafuta zinazong'aa huko Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968. Na wachoraji wa Tingatinga tunaowaona kila siku kwenye vibaraza vya Mji Mkongwe hufanya hivyo hivyo: rangi ya nyuma hutandazwa kwanza, ikakauka, ndipo chui au twiga akakaa juu yake. Mchoraji wa kioo hufanya kinyume. Kilicho karibu zaidi na jicho hupakwa mwanzo, na kilicho mbali zaidi hupakwa mwisho, kama mtu anayevaa joho kwanza, kanzu baadaye, na fulana mwisho kabisa, kisha akatoka nje akiwa amevaa sawasawa.

Katika picha hii maana yake ni kwamba chembe za theluji zinazoelea hewani, ambazo mtazamaji angedhani zilinyunyizwa mwishoni kama sukari juu ya mkate wa kumimina, ndizo zilizotangulia. Nilizichungulia kwa lenzi ninayosomea. Kila chembe ni ncha ya brashi iliyogusishwa mara moja, na baadhi yake zina mkia mwembamba pale brashi ilipoondolewa kwa haraka. Zikafuata herufi za jina, zilizoandikwa kinyume ili zisomeke sawa kwa mbele. Kisha vitawi vya miti, halafu miti yenyewe, mtu, nyumba, mapaa, mwezi, na baada ya hayo yote buluu ya anga ikapakwa juu ya kila kitu kwa brashi pana. Mtu akikosea chembe moja hana njia ya kuifunika, kwa sababu rangi ya pili itakaa nyuma ya kosa na kosa litabaki mbele. Nimehesabu chembe mia mbili na zaidi katika robo moja ya picha, nikachoka, na sikuona hata moja iliyofutwa.

Sasa niseme kilichomo. Picha ina upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 40. Upande wa kushoto kuna safu ya mierebi iliyokatwa vichwa, na kila shina limevimba juu kama ngumi ambayo vitawi vimechipua baina ya vidole vyake. Katikati kuna kisima cha aina ambayo sisi hatuna: mti mrefu umelazwa juu ya nguzo, upande mmoja una kamba na ndoo, na upande wa pili una uzito wa kuusawazisha. Nyuma yake zimepangika nyumba tano, za mbali zikiwa juu na za karibu zikiwa chini, na theluji juu ya mapaa yake ni nene, imeviringika ukingoni kama samli iliyoganda kwenye mdomo wa kopo. Mwanamume mmoja, ametupa mgongo, anatoka kwenye nyumba yenye mwanga kuelekea zizini akiwa na taa ya mkono. Mwanga wa dirisha unaanguka juu ya theluji ukiwa manjano, na pale unapokutana na buluu ya usiku unageuka kijani hafifu kwa upana wa unyoya, kijani ambacho sikukiona mpaka siku ya tatu.

Theluji yenyewe sijapata kuiona. Ninayoijua ni ile ya friza la zamani, inayokwanguliwa kwa kijiko umeme unapozimwa makusudi, na hata wakati wa kipupwe hapa kwetu mtu hujifunika shuka moja akasema kuna baridi. Hata hivyo usiku huu ninaujua, na hilo ndilo lililonifanya nitoe pesa. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hitilafu ilipoitenga Unguja na umeme unaoletwa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, kisiwa kizima kilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu. Mwezi ulipofika kumi na nne tulipanda juu kutafuta upepo, na tukaona kuta zilizopakwa chokaa zikiwa zimesimama kwa mwanga wake zenyewe, mnara wa Msikiti wa Malindi ukiwa mweupe kana kwamba umetiwa maziwa, na mapaa ya mabati yaking'aa mpaka Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Giza halikuwa jeusi, lilikuwa buluu. Hapa na pale dirishani palikuwa na chemli, na manjano ya chemli ndani ya buluu ile ndiyo manjano haya haya ya mkulima wa Kroatia.

Sababu ni moja kwa pande zote mbili, nayo ni weupe wa kilichotandazwa. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia, ndiyo maana usiku wa mbalamwezi juu yake mtu hutembea bila ya taa. Mchoraji huyu ameelewa jambo jingine gumu zaidi, kwamba katika mwanga mdogo jicho huupoteza wekundu kabla ya rangi nyingine. Paa la zizi, ambalo bila shaka mchana ni la vigae vyekundu, pale theluji ilipoteleza amelipaka kahawia inayokaribia weusi. Wekundu wa kweli katika picha nzima ni mmoja tu, nao ni kitambaa cha shingoni cha yule mwanamume, kwa upande ule tu unaopigwa na taa aliyoishika.

Kwa hivyo inashangaza kwamba mtu mwenye jicho kali namna hiyo amefanya ovyo katika vivuli. Mwezi uko juu kulia. Vivuli vya mierebi vinaelekea kushoto, kama inavyostahiki, lakini kivuli cha kisima kinakwenda kulia, yaani kinauelekea mwezi, na yule mwanamume hana kivuli chochote nyuma yake. Wapo watakaosema kwamba huo ndio uzuri wa sanaa ya watu wasiokwenda skuli za uchoraji. Mimi sikubali, kwa sababu mkulima aliyewahi kutoka usiku kwenda zizini ameviona vivuli kuliko profesa yeyote. Nadhani ni kioo kilichomponza: vivuli vilipofika zamu yake, kisima kilikuwa kimekwisha kukauka, naye akapaka palipokuwa na nafasi. Mbwa aliyeko kona ya chini ana miguu ya kuku. Kona hiyo hiyo imejazwa uzio, kuni, toroli na ndoo ya pili, vitu ambavyo vingebaki nje picha ingepumua vizuri zaidi.

Kwa wasomaji wa hapa visiwani kuna mambo mawili ambayo tathmini ya kigeni haitawaambia. Majira ya baridi katika vijiji vile ni msimu wa kuchinja nguruwe, na tukio hilo limechorwa mara nyingi na wasanii wa huko, kwa hivyo anayetaka picha ya namna hii kwa ajili ya nyumba yake na akague uani na mazizini kwa makini kabla ya kutoa pesa. Yangu niliikagua kwa lenzi. Mbali na yule mbwa, aliyemo ni ng'ombe mmoja anayechungulia mlangoni, na jogoo juu ya uzio. Jambo la pili ni lile la kutundika picha za viumbe. Mke wangu alilileta mapema, naye ana haki yake, kwa kuwa chumba cha mbele ndicho tunachoswalia wageni wanapojaa. Tumeitundika kwenye ujia unaoelekea jikoni, na kwa bahati sura ya binadamu haimo; aliyemo ametupa mgongo.

Nirudi kwenye fremu. Ile aliyoisifu muuzaji ilikuwa ya mti laini uliopakwa rangi ya dhahabu, na mchwa walikuwa wameshaikalia upande wa chini, kwa kuwa nilipoigonga ilimwaga unga. Niliipeleka picha kwenye karakana moja ya fremu huko Ng'ambo, ambayo sitaitaja, nikaagiza fremu mpya ya msaji. Kijana aliyeipokea aliamkia vizuri, akapitisha kucha juu ya mkwaruzo mmoja ulioko karibu na mwezi, kisha akaniambia kwa moyo safi kabisa, "Mzee wangu, kioo hiki kimechubuka, kwa nini nisikubadilishie nikutilie kipya?" Ilinichukua muda kumfahamisha kwamba akikitoa kioo atakuwa ameitoa picha, na kwamba hakuna kitu kingine nyuma yake cha kubakia. Alicheka, nami nikacheka, nikaenda nyumbani nikiamini tumeelewana. Niliporudi baada ya siku mbili nilikuta ameibana kadibodi juu ya rangi yenyewe bila ya kuacha nafasi, na nilipomtaka aitoe ikatoka na kipande cha anga cha ukubwa wa punje ya mchele. Sasa ukiishika picha mbele ya dirisha, mwanga unapenya pale, na usiku ule una nyota moja ambayo mchoraji hakuipanga. Karakana ilinipunguzia shilingi elfu kumi, na hapo maneno yalikwisha.

Kwa sababu hiyo nitaeleza namna fremu inavyotakiwa iwe, ili mwengine asipate nyota ya aina yangu. Rangi haishikani na kioo kama inavyoshikana na mbao au nguo, kwa kuwa kioo hakinywi. Inakaa juu yake tu, na inapopata unyevunyevu kisha ukavu, kisha unyevunyevu tena, huanza kubambuka kama chokaa ya ukutani wakati wa masika. Nyuma ya rangi pawe na nafasi ya milimita chache, inayopatikana kwa kuweka vijiti vyembamba pembeni baina ya kioo na ubao. Ubao uwe mkavu, na usibandikwe kwa gundi ya maji. Nyuma hapasuguliwi kwa kitambaa chochote, kikavu wala chenye spiriti. Mbele panafutwa kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu, kwa kuwa maji yakiteremka ukingoni hupita nyuma. Kuta zetu za mawe na chokaa hunywa maji na kutoa chumvi, hasa zile za nje zinazopigwa na mvua ya kusi, kwa hivyo picha itundikwe ukuta wa ndani, na vipande viwili vya sponji vibandikwe nyuma ya pembe za chini za fremu ili hewa ipite. Msumari wa kawaida hulegea ndani ya chokaa. Mimi nilimwita seremala akatoboa na kutia kigingi cha mti, ndipo akapiga skrubu. Jua lisiifikie moja kwa moja.

Kuhusu gharama, muuzaji alitaka shilingi 450,000, tukashushana mpaka 280,000 baada ya mimi kuukung'uta ule unga wa mchwa mbele yake. Fremu, kigingi na seremala vilinigharimu 75,000 nyingine. Kwa kazi ya mkono, iliyochorwa na mtu mwenye ustadi wa kupanga usiku mzima kinyumenyume, naiona bei hiyo ni ya haki, na ningeilipa tena hata kwa miguu ile ya mbwa. Duka lenyewe linastahili kutembelewa na mwenye subira: vitu havina bei zilizoandikwa, risiti hutolewa ukiidai, mwanga ni wa balbu moja, na maelezo ya muuzaji yachukuliwe kama mazungumzo ya kupendeza tu. Kwa upande mwingine, aliniruhusu kuifungua bidhaa yake kwa bisibisi nikiwa sijalipa hata senti, na akaniletea kahawa niliyoinywa nikiwa nimepiga magoti sakafuni.

Nilipopita wiki iliyopita zilikuwa zimebakia mbili za skuli hiyo hiyo. Moja imepasuka kutoka kona hadi kona, na mpasuko umepita katikati ya kundi la mabata; hiyo haitengenezeki. Ya pili ni nzima, ni ya mchana, na theluji yake ni nyeupe tupu, bila ya buluu, bila ya dirisha lenye taa, na nguruwe yumo, mbele kabisa, wa kwanza kupakwa.